Wezi wamekata fensi Kiamunyi, nianze na nini?

MkaziWaKiamunyi: Wadau habari zenu. Niko na ploti ya futi 50 kwa 100 huku Kiamunyi, Nakuru, nimezungusha chenlinki na posti za miti. Usiku wa juzi wezi walikata waya pale chini nyuma ya choo, wakapita na kuku 11 na pampu ya maji. Watoto hawalali tena. Pesa ya ukuta wa mawe sina, naeza fanya nini kwa sasa?

BabaMapacha_Njoro: Pole sana ndugu. Panda kayaba, ile miti ya miba ya kufanya fensi, ndani ya hiyo chenlinki, mistari miwili ya zigizaga, mche na mche futi moja, kwako ni kuzunguka futi 300 kwa hivyo tafuta miche kama 600 hivi. Ngoja mvua ya Aprili. Sasa kosa la watu ni kuiacha irefuke, ikifika magotini kata vichwa ndo itoe matawi huku chini, kwa sababu mwizi hutambaa. Itachukua kama miaka mitatu kushikana lakini ikishikana ile miba hata mbwa hapiti.

Nyar_Mamboleo: Pole wangu. Hata ukipata pesa ya ukuta usikimbie, mimi huku Kisumu nilijenga juu ya huu udongo mweusi, fundi hakuchimba hadi pagumu, mvua ikaja udongo ukavimba, jua likawaka ukapasuka, saa hii ukuta una ufa unaingiza mkono. Na ukifikiria fensi ya stima, nyasi zikigusa waya nguvu yote inaishia chini, na kiangazi lazima umwagie maji pale vyuma vya athi, vile vya kuunganisha fensi na ardhi, vimechimbiwa, udongo ukikauka shoti inakuwa hafifu.

FundiGeti: Kabla ya hayo yote nenda uangalie geti. Mageti mengi naitwa kurekebisha hayajavunjwa, yameinuliwa tu yakatoka kwa hinji na kufuli bado iko. Chomelea kipande cha chuma juu ya hinji ya juu lisiinuke. Na taa ya sola iweke huko nyuma ya choo, si kwa mlango wa mbele.

MkaziWaKiamunyi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Miche nitaanza kutafuta wiki hii. @FundiGeti nimetoka kujaribu, nimeliinua na mikono miwili likatoka lote. Fundi wa kuchomelea anakuja kesho asubuhi.