Mke wangu kaandikiwa "hemoraji" kwenye karatasi ya kuruhusiwa, ni ugonjwa gani?

Baba Mpya:
Habari zenu wakuu. Mke wangu kajifungua wiki iliyopita, mtoto mzima kabisa, ila damu ilimtoka nyingi hadi akaongezewa. Juzi tumeruhusiwa. Kwenye karatasi kuna neno "hemoraji", mbele yake "imedhibitiwa", basi. Mama yangu anasema ni ugonjwa wa damu wa kurithi, keshaanza kuulizia ukoo wa mke wangu nani anao. Shemeji naye kasoma mahali kwamba ni bawasiri. Nani mkweli? Na nyumbani niangalie nini?

Mkunga Mstaafu:
Hongereni, na pole kwa mama mtoto. Hemoraji si jina la ugonjwa. Ni kutokwa na damu kupita kiasi, popote mwilini. Mshipa ukipasuka ndani ya ubongo ni hemoraji, ingawa huoni hata tone. Kwa mzazi, kipimo kilichozoeleka ni kuanzia mililita 500 ndani ya saa 24 za kujifungua. Kwa hiyo karatasi imekwambia kilichotokea, haijakwambia kwa nini. Hilo ndilo la kwenda kuuliza: mfuko wa uzazi ulishindwa kujikaza (hii ndiyo sababu inayoongoza), kipande cha kondo la nyuma kilibaki, alichanika, au damu haikuganda?

Mzee wa Kamusi:
Shemeji wako kachanganya ndugu wawili. Neno lenyewe ni la Kigiriki, likapitia Kilatini na Kifaransa. "Haima" ni damu, na sehemu ya pili inatokana na "rhegnynai", kupasuka au kufumuka. Yaani damu iliyopasua njia. Jina la kitabibu la bawasiri linaanza na "haima" hiyohiyo, ila mkia wake unatoka kwenye "rhein", kutiririka. Kwa Kiswahili tunasema tu kuvuja damu, ambayo kwangu imekaa vizuri zaidi.

Chausiku:
Na huo wa kurithi anaousema bi mkubwa?

Mzee wa Kamusi:
Nadhani anawaza hemofilia. "Haima" tena! Huo kweli ni ugonjwa, damu haigandi inavyotakiwa, na wanaougua zaidi ni wanaume.

Mkunga Mstaafu:
Ila bi mkubwa tusimcheke. Yapo matatizo mengine ya kuganda damu yanayorithiwa na wanawake pia. Baba Mpya, muulize mkeo taratibu: hedhi zake zilikuwa nzito tangu usichana? Aliwahi kung'olewa jino damu ikagoma kukata? Kama ndiyo, mwambie daktari. Kama hapana, ukoo wa watu uachwe upumzike.

Sasa la nyumbani. Damu ya uzazi hupungua siku hadi siku na rangi inafifia. Akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au yakatoka mabonge makubwa, au akawa na kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, homa, uchafu wenye harufu mbaya, msisubiri kupambazuke, mrudisheni hospitali. Hii yaweza kutokea hata baada ya siku nyingi, hadi wiki 12. Na mimba ijayo, jambo la kwanza kumwambia mkunga ni hili. Aliyevuja damu mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kuvuja tena, kwa hiyo ajifungulie penye damu ya kuongeza.

Baba Mpya:
Asanteni sana. Nimerudi leo kuuliza, daktari kasema kondo halikutoka lote, wakalisafisha. Kuganda kwa damu hakuna shida. Mama nimemweleza, kanyamaza. Mke wangu kapewa vidonge vya madini ya chuma ila vinamchafua tumbo, anataka kuacha.

Chausiku:
Asiache! Mimi nilivimeza baada ya chakula, tumbo likatulia. Chai aiweke mbali navyo, inazuia madini yasiingie mwilini. Vikimshinda kabisa arudi wambadilishie.

Mkunga Mstaafu:
Naongezea: choo kitakuwa cheusi, ni vidonge hivyo, msije mkatuletea uzi mwingine wa hemoraji. Cha kuwatia wasiwasi ni choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya.

Baba Mpya:
Hahaa, nilikuwa nakuja kuuliza hichohicho. Hakinati.