Naomba ushauri: filamu ipi ya Sidney Poitier niwaonyeshe wanafunzi?

ticha_wa_bweni: Wakuu, habari za muda huu. Nasimamia klabu ya filamu ya shule ya bweni, kidato cha tatu na nne. Nimepewa ukumbi, projekta na Jumamosi moja jioni. Nataka waone filamu ya Poitier, maana tukitaja waigizaji weusi wa Marekani wao huanzia kwa Denzel Washington na kuishia hapo hapo. Naegemea Guess Who's Coming to Dinner, ile ya binti mzungu anayemleta kwao mchumba mweusi. Mwenzangu anasema watasinzia. Mnasemaje?

mzee_wa_mikanda: Mwenzako ana hoja. Sehemu kubwa ni watu wazima wanabishana sebuleni, na mkwe mtarajiwa hana hata doa: daktari bingwa, mpole, na bado anawaambia wakwe wakikataa yeye anajiondokea. Wanafunzi watauliza, sasa wazazi wanagomea nini? Waambie kwanza kwamba ilipokuwa inapigwa, majimbo 17 ya Marekani bado yalikatazia weusi na wazungu kuoana, hadi Mahakama ya Juu ilipofuta sheria hizo Juni 1967. Bila hayo utakuwa umewaonyesha posa iliyochelewa tu.

dada_wa_Tanga: Ticha, weka In the Heat of the Night, ya mwaka huo huo. Mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anakamatwa stesheni huko Mississippi kwa mauaji asiyoyajua, kisha polisi haohao wanamhitaji awasaidie. Kuna tajiri wa mashamba ya pamba anamzaba kofi. Poitier anamrudishia papo hapo! Ukumbi wako utalipuka. Na ujue, sehemu kubwa ilipigwa Illinois, jimbo la kaskazini, kwa sababu Poitier hakutaka kwenda Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi mkali. Mwaka 1964 yeye na mwimbaji Harry Belafonte walipeleka fedha za wanaharakati wa haki za weusi Mississippi, wakafukuzwa usiku na magari ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Hasira unayoiona pale si ya kuigiza tu.

Nai_254: Salamu kutoka Nairobi. Mbona hamtaji Something of Value ya 1957? Ilipigwa huku kwetu, Poitier ni Kimani anayeingia Mau Mau, wapiganaji dhidi ya ukoloni wa Mwingereza. Watoto wa Afrika Mashariki wataielewa haraka.

mzee_wa_mikanda: Nai, kwa heshima zote, hapana. Imetokana na riwaya ya Robert Ruark, na macho yake ni ya mlowezi. Kimani amechezwa vizuri, lakini kijana asiyejua historia ya Mau Mau atatoka na picha iliyopinda. Labda kwa wanafunzi wa historia, mwalimu akiwepo.

Nai_254: Sawa, hapo nakubali. Lakini ticha usiache kuwaambia kwamba mwaka 1959 Poitier, Belafonte na Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli, walitia saini barua ya kuomba michango ili wanafunzi waliopangiwa safari na mwanasiasa wetu Tom Mboya wapate nauli ya ndege kwenda vyuo vya Marekani.

kaka_mkosoaji: Mnamsifu mno. Weusi wengine wa Marekani walichoka naye wakati huohuo. Clifford Mason, mwandishi mweusi, aliandika kwenye gazeti la New York Times mwaka 1967 akiuliza kwa nini wazungu wanampenda hivyo. Tazameni The Defiant Ones ya 1958: mfungwa mweusi mtoro, ndiye Poitier, anaruka kutoka kwenye treni ya uhuru kwa ajili ya mzungu aliyefungwa naye mnyororo mmoja. Mwandishi mweusi James Baldwin alisema watazamaji wa Harlem, mtaa wa weusi New York, walimpigia kelele, rudi kwenye treni mpumbavu wewe!

dada_wa_Tanga: Kaka, wa kulaumiwa ni mwandishi wa skripti. Poitier alikuwa mtoto wa wakulima wa nyanya wa Cat Island, Bahamas, alianza New York kwa kuosha vyombo, na kikundi cha maigizo cha American Negro Theatre kilimkataa mara ya kwanza kwa lafudhi yake. Hiyo Oscar ya Lilies of the Field aliyochukua 1964 hakuna mwanamume mweusi aliyekuwa ameipata kama mwigizaji mkuu, na wa pili alikuwa Denzel huyo huyo, 2002. Ungemtaka akatae kazi ale nini?

kaka_mkosoaji: Sijasema akatae. Nasema wanafunzi waambiwe pande zote.

ticha_wa_bweni: Nawashukuru sana. Nachukua ya kofi, na mjadala baada yake nitauanza na swali la Mason. Sasa mwenye maandishi ya Kiswahili ya chini ya skrini anitumie faragha, maana lafudhi za Kusini zile hata mimi zinanitoa jasho.