Draya nyumbani: ni hitaji, au ni uvivu tulioununua?

Mleta mada

Habari wakuu. Kwangu hili limeshakuwa kesi isiyoisha, nimeona niilete kwenu. Nyumba ya kawaida ina haja gani na draya, yaani mashine ya kukaushia nguo? Siongelei dobi wala hoteli. Naongelea nyumba ya watu wanne watano, mashine ya kufulia wanayo tayari, na sasa mmoja wao anataka mashine ya pili ifanye kazi inayofanywa na kamba na upepo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: nyumba nyingi haziihitaji. Kinachokosekana ni ukamuaji mzuri na mahali pa kuanika.

Tuanze na maji, maana draya haina kazi nyingine zaidi ya kuyatoa. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula kama theluthi mbili za uniti ya umeme. Hayo ni maumbile, hakuna fundi wa kuyapunguza. Sasa chukua kilo 5 za nguo za pamba. Ukizikamua kwa mizunguko 800 kwa dakika, zinatoka na maji kama lita 3.5. Ukizikamua kwa mizunguko 1,400, zinabaki na lita 2.5 hivi. Lita nzima imeondoka kwa kuzungushwa tu, na umeme uliotumika ni kidogo mno. Watu wanaacha mashine kwenye mzunguko mdogo, wanatoa nguo zikichuruzika, halafu wanalalamika hazikauki. Draya inanunuliwa ije imalizie kazi ya kitufe ambacho hakuna aliyewahi kukibonyeza.

Halafu kuna nguo zenyewe. Yale manyoya unayoyabandua kwenye chujio la draya baada ya kila mzigo ni shati lako, linaondoka kidogo kidogo. Sufi inanywea, mpira wa kiunoni unalegea. Ni kweli jua nalo linapausha rangi, lakini hilo dawa yake ni kugeuza nguo ndani nje.

Na kuna hili linalonishangaza kuliko yote. Marekani kuna mitaa ambayo vyama vya wenye nyumba vimepiga marufuku kamba za nguo kwa sababu eti zinachafua mandhari. Florida iliweka kinga ya kamba kwenye sheria tangu 1980, Vermont ikafuata 2009, California 2015. Watu wamelazimika kwenda mpaka bungeni ili waanike shuka! Kwa hiyo mtu akiniambia draya ni hitaji, namuuliza kwanza: hitaji hilo limetoka kwenye nguo, au limetoka kwa aliyekukataza kuanika?

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeandika kama mtu mwenye uwanja.

Mimi nakaa ghorofani na sina roshani. Nguo naanika chumbani, kwenye kile kichanja cha kukunja. Hizo lita 2.5 zako haziendi mbinguni, zinaingia ukutani. Miezi ya baridi madirisha yamefungwa, kufika mwisho wa msimu kona ya nyuma ya kabati imeota ukungu mweusi. Mtoto wangu ana pumu. Nguo yenyewe ikikaa mbichi siku mbili inavunda, inabidi niirudie kufua, na maji na sabuni na umeme wa kuirudia hujauhesabu popote kwenye hesabu yako. Kamba yako ya bure mimi nimeilipia kwa kukwangua ukuta na kupaka rangi upya.

Draya ningeiita hitaji langu bila aibu. Sijainunua kwa sababu sina pa kuiweka tu.

Mchangiaji wa 2

Kaka, kabla hatujafika kwenye lita na mizunguko, liondoe hilo neno "uvivu" kwenye kichwa cha mada yako.

Kuanika ni kazi. Kukung'uta kila nguo, kubana vibanio, kugeuza jinzi mifuko ikauke, kusikiliza ngurumo huku una mambo mengine, kukimbia kuanua, kuanika tena jua likirudi. Umeandika "kamba na upepo vinaifanya". Kamba haijawahi kumfuata mtu ndani kuchukua beseni! Kuna mtu anaifanya, na kwa namna ulivyoandika, sidhani kama ni wewe. Mara ya mwisho kuanua nguo za nyumba nzima ilikuwa lini?

Mimi nimemuuguza mama yangu kitandani. Usiku mmoja shuka tatu, na saa nane za usiku hakuna jua. Aliyelala kwenye shuka mbichi ngozi yake inachubuka, na kidonda cha mgonjwa asiyejigeuza si kitu cha kukichezea. Tulipata draya kwa mtu, imetumika, inapiga kelele. Sikuwahi kuuliza inakula uniti ngapi.

Mchangiaji wa 3

Mimi ninayo. Kwa sasa ni kabati la soksi zilizopoteza wenzao.

Mchangiaji wa 4

Mimi ni fundi wa hizi mashine, nisahihishe kitu kimoja na niongeze kimoja.

Mleta mada anasema fundi hawezi kupunguza ile theluthi mbili ya uniti. Kwa draya ya hita, yuko sawa. Hita inapasha hewa, hewa inabeba mvuke, kisha joto lote linatupwa, nje kupitia bomba au ndani ya chumba. Lakini ipo draya ya pampu ya joto. Ndani yake ni kama friji: upande wa baridi unapoza mvuke uwe maji, na lile joto lililotoka kwenye mvuke linarudishwa kukausha nguo zilizobaki. Joto lilelile linafanya kazi tena na tena, kwa hiyo mzigo mmoja unamalizika kwa karibu nusu ya umeme wa hita. Ubaya wake ni kwamba bei yake iko juu na inachukua muda, saa mbili au zaidi si ajabu. Haihitaji bomba la kutoa hewa nje, kwa hiyo ndugu wa ghorofani ingemfaa. Uswisi tangu 2012 mpya zinazoruhusiwa kuuzwa ni za aina hii, na Umoja wa Ulaya umefika hapohapo kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo swali la "draya au kamba" bila kusema draya ipi naona limechelewa kidogo.

La pili ni moto. Yale manyoya ya shati yanawaka kama pamba kavu, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani iliwahi kukadiria matukio kama 2,900 ya moto wa draya majumbani kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ni watu kutosafisha. Nikifungua draya ya mteja nakuta chujio limeziba, bomba la nyuma limepindwa kwa kusukumiwa ukutani, halafu ananiambia "siku hizi haikaushi vizuri". Hewa haipiti! Na tafadhali, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupikia msivitie humo. Vikitoka vya moto na kurundikwa vinaweza kujiwasha vyenyewe.

Mleta mada

Nimesoma yote. Neno "uvivu" nimeliandika kwa ukali na nalirudisha mdomoni. Dada wa hapo juu, pole kwa kuuguza, na swali lako nalijibu kwa ukweli: sikumbuki. Nyumbani wananiletea zimekunjwa.

Kwenye pampu ya joto pia nimefundishwa, nilikuwa naijua hita peke yake.

Pale pa ukamuaji bado sitoki. Hata mwenye draya, akikamua kwa 1,400 kabla ya kuitia, anaipunguzia mashine karibu theluthi ya maji. Na wewe wa ghorofani, jaribu chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango umefungwa, feni ikipuliza moja kwa moja kwenye nguo, uone kama hazitawahi kabla ya kuvunda. Ningependa pia mtu anayejenga aje atueleze kwa nini ramani ya ghorofa inakumbuka pa kuegesha gari na haikumbuki pa kuanika.

Mchangiaji wa 2

Asante kwa kukiri. Wiki hii basi anika wewe, zote, na kuanua juu yako. Jumapili njoo hapa tuendelee na mizunguko 1,400.