Erhai, Qinghai au Qiandao: ziwa lipi la kulizunguka wenyewe kwa siku sita?

Mgeni wa Changsha (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, salaam. Niko Changsha, mwaka wa pili wa masomo. Mke wangu anakuja kutoka Dar katikati ya Septemba na tuna siku sita za kuzurura kabla sijarudi maabara. Mwaka jana nilijiunga na basi la watalii. Tulikaa saa tatu dukani tukiuziwa vikuku vya jade, halafu ziwa tukapewa dakika arobaini, na kipaza sauti kinatuita garini kama watoto wa shule. Sirudii.

Safari hii nataka ziwa moja tu, tulizunguke kwa mwendo wetu, tukichoka tulale. Nimebakiwa na matatu: Erhai kule Dali, Yunnan, Ziwa Qinghai, na Qiandao, Zhejiang. Tunakula halali, na mke wangu na baridi hawapatani. Waliofika naomba mnilinganishie. Nawasilisha.

Mtoto wa Njombe

Erhai mkuu, wala usiumize kichwa. Nimelizunguka mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili vizuri, ngoja nikupe zote.

Ziwa liko kama mita 1,970 juu ya usawa wa bahari, yaani hali ya hewa ni ya kwetu kabisa: juani unaungua, kivulini unasisimka, usiku unataka sweta. Upande wa magharibi kuna safu ya milima ya Cangshan inayopanda hadi mita 4,122, na kati ya mlima na maji ndipo palipo mji wa kale wa Dali na mashamba ya Wabai, wenyeji wa huko. Mzunguko mzima ni kilomita 120 na ushee. Kutoka kwako unapanda treni ya kasi hadi Kunming, halafu nyingine ya kama saa mbili hadi Dali. Angalia tu, kituo kiko Xiaguan, kusini mwa ziwa. Mji wa kale uko mbele zaidi, usije ukachukua chumba jirani na kituo ukidhani umefika.

Mara ya kwanza nilikodi skuta ya umeme nikitaka kumaliza mzunguko kwa siku moja. Mwenye duka akaniapia kwamba chaji inatosha. Ilitosha hadi karibu na Wase, upande wa mashariki, ambako barabara inaanza kupanda na kushuka. Nikaisukuma mpaka kwenye kibanda cha bibi mmoja muuza mahindi. Akapitisha waya dirishani, akanipa kigoda, tukakaa saa mbili na nusu tukitazamana, maana Kichina changu siku hizo kilikuwa "asante" na "bei gani". Nilikula mahindi manne. Nilirudi mjini saa tatu usiku, taa ya mbele inafifia kama kibatari.

Mara ya pili niligawa safari siku mbili, usiku nikalala Shuanglang, kaskazini mashariki. Hiyo ndiyo namna. Anzia mji wa kale uelekee kaskazini, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. China wanaendesha kulia, kwa hiyo maji yanakuwa mkono wako wa kulia safari nzima na ukitaka kusimama kupiga picha hukati barabara. Jioni, ukiwa ng'ambo ya mashariki, jua linazama nyuma ya Cangshan na ziwa lote liko mbele yako.

Halafu Xizhou, kama kilomita 18 kutoka mji wa kale, kuna mkate unaitwa baba. Ndiyo, baba. Unaokwa kwenye sinia la chuma, makaa chini na makaa juu, vile vile bibi zetu wanavyopalia mkate wa kumimina. Jamaa anainua sinia la makaa kwa ndoano, mvuke unatoka na harufu ya sukari guru na waridi, anaugeuza mkate, anaupaka mafuta, anaufunika tena. Sasa nyie wa halali: ule wa chumvi huwa na nyama ya nguruwe, na hata wa sukari uliza mafuta gani kabla hujatia mdomoni.

Bi Kizimkazi

Mimi niko Yiwu kwa biashara, Qiandao ni jirani yangu. Tulikwenda watatu tukisubiri kontena lipakiwe. Pazuri, maji ni kama kioo. Ila ndugu yangu, lile si ziwa la Mungu. Ni bwawa la umeme, kama Mtera, lililoanza kujaa mwaka 1959 kwa sababu ya bwawa la Xin'anjiang. Vile visiwa 1,078 wanavyovihesabu ni vilele vya vilima vilivyobaki juu, na chini ya maji kuna miji mizima, mmojawapo Shicheng, Mji wa Simba, wenye malango ya mawe. Mimi nilisimama pale kwenye boti nikafikiria jiko la mtu liko chini yangu, hamu ya picha ikaniisha.

Kwa mtu anayetaka kuzunguka, tabu ni kwamba kingo zake zimekatika katika kama majani ya muhogo. Barabara inaingia na kutoka, inapanda, na utamu wenyewe uko visiwani kwa boti, tena boti ya kundi yenye ratiba yake. Umemkimbia mwenye kipaza sauti, utamkuta huko. Ukiwa Hangzhou na una siku mbili, treni ipo tangu mwisho wa 2018, nenda. Kwa siku sita kutoka Changsha, hapana. Sifa naipa kwenye samaki tu: kichwa cha samaki kwenye bakuli kubwa kama beseni.

Abu Swalha, Xining

Mtoto wa Njombe kauza vizuri, ila sisi tunaoishi na Qinghai tunaliita lile lake kidimbwi. Hili ndilo ziwa kubwa kuliko yote China, maji yake ya chumvi, mzunguko kilomita 360. Na chakula cha halali hapa Xining, mji mkuu wa mkoa wa Qinghai, hukitafuti, chenyewe kinakutafuta. Waislamu wa Kihui ni wengi, msikiti wa Dongguan siku ya Ijumaa watu wanafurika hadi barabarani, na tambi za nyama ya ng'ombe ziko kila kona.

Pamoja na hayo sitakudanganya, kwa mgeni wako halifai. Ziwa liko karibu mita 3,200. Waliopanda Kilimanjaro wanajua: ni katikati ya kambi za Mandara na Horombo. Mtu aliyetoka Dar, usawa wa bahari, ukimpeleka huko moja kwa moja usiku wa kwanza ni kichwa kugonga na usingizi hauji. Sharti alale Xining kwanza (kama mita 2,260), usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Baiskeli kutoka Xihai, mji mdogo jirani na ziwa, hadi kurudi Xihai ni siku nne kwa watu wazoefu. Ongeza siku za kwenda na kurudi Changsha, umepita sita.

Halafu Septemba. Yale mashamba ya maua ya njano unayoyaona kwenye picha ni ya Julai. Katikati ya Septemba maua hayapo, usiku baridi inakata, na mchana upepo unavuma usoni mpaka unashuka kwenye baiskeli kuisukuma. Jua nalo linachomoza baada ya saa moja asubuhi, kwa kuwa China nzima inafuata saa ya Beijing na sisi tuko magharibi. Pale Heimahe, ukingoni mwa ziwa, watu wanatoka wamejifunga mablanketi kulisubiri. Ukifika ufukweni unaona vikundi vya Watibeti wanazunguka ziwa kwa miguu, kwao ni ibada, nao wanafuata mwelekeo wa mishale ya saa. Wengine wanapiga magoti na kujilaza kifudifudi kila hatua chache. Kilomita 360. Nilipowaona nikaacha kulalamikia tandiko la baiskeli.

Angalizo mbili kwa yeyote atakayekuja: Kisiwa cha Ndege kimefungwa tangu 2017, usikubali dereva akuuzie safari ya huko. Na samaki wa ziwa hili kuvuliwa ni marufuku, mkahawa ukikuletea kwa siri, kataa.

Mgeni wa Changsha

Abu Swalha, Mungu akubariki kwa ukweli. Qinghai nimeliweka akiba, Julai nyingine. Bi Kizimkazi, la majani ya muhogo limenimaliza.

Basi Erhai. Sasa nikiri jambo: mke wangu baiskeli hajui, na skuta hajawahi kushika. Mpango wangu ni kumpakia nyuma kama bodaboda. Itawezekana?

Wakili Mtoro

Ndiyo maana nimeingia. Skuta za kukodi zinahesabiwa baiskeli za umeme, na kwa viwango vya China hazitakiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa. Kofia ngumu vaa. Kumpakia mtu mzima nyuma sehemu nyingi za nchi hii ni kosa, anayeruhusiwa ni mtoto. Utawaona wengi wanafanya, lakini siku trafiki akiamua, anaamua na wewe mgeni. Na ukianguka naye, bima itakuuliza hilo hilo.

La pili, ile njia nzuri ya kando kando ya maji upande wa magharibi, yenye kilomita kama 46, skuta haziruhusiwi. Ni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mwenye skuta anabaki barabara ya juu na maroli.

La tatu, kama unawaza kukodi gari uendeshe mwenyewe: leseni ya kimataifa uliyokatia Dar haitambuliki China. Wewe mwenye kibali cha kuishi unaweza kubadilisha leseni kwa kufanya mtihani wa maswali, ila si kwa wiki mbili zilizobaki.

Mtoto wa Njombe

Dah, Wakili kanikamata. Nilimbeba mtu mara ya pili, sikuandika makusudi 😅 Ila kweli, pale kwenye vilima vya Wase skuta ilikuwa inalia kama mbuzi.

Dawa ipo. Pale kwenye njia ya maji wanakodisha baiskeli za watu wawili. Wewe mbele unaongoza, shemeji nyuma anakanyaga tu akitaka, asipotaka anatazama ziwa. Magharibi nzima hakuna kilima cha maana.

Bi Kizimkazi

Anakanyaga akitaka! Wanaume bwana. Shemeji atakanyaga, na atakwambia geuka kulia.

Mashariki kodini gari na dereva, siku moja. Mwambieni kabisa asubuhi: Xizhou, Shuanglang, Wase, na hakuna duka la fedha wala la chai. Andika kwenye simu kwa Kichina umwonyeshe. Chakula msiwe na wasiwasi, Wahui wapo Dali tangu zamani. Karne ya 19 waliwahi hata kuwa na utawala wao hapo, chini ya Du Wenxiu. Migahawa yao inajulikana kwa maandishi 清真 (yaani halali) mlangoni.

Tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla, kwa pasipoti, na jina liandikwe lilivyo kwenye pasipoti, siyo lile analoitwa nyumbani. Kadi ya benki ya shemeji aiunganishe na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, akiwa bado Dar, kwenye intaneti ya kueleweka. Nyumba ya kulala iwe ile inayopokea wageni wa nje, waulize kabla ya kulipa, maana wao ndio wanaowaandikisha polisi. Mimi nimewahi kurudishwa mlangoni saa nne usiku na masanduku yangu, mvua inanyesha. Na rudini kabla ya tarehe 1 Oktoba, likizo ya sikukuu yao ya taifa, watu wanafurika kila mahali. Nimemaliza.

Mgeni wa Changsha

Nimepata. Siku ya kwanza treni hadi Dali. Ya pili mji wa kale, kupumzika. Ya tatu baiskeli ya wawili kwenye njia ya maji, mpaka miguu iseme basi. Ya nne dereva, Xizhou hadi Shuanglang, tunalala huko. Ya tano tunamalizia mashariki, Wase hadi Xiaguan. Ya sita nyumbani. Mvua ikitushika siku ya tatu?

Mtoto wa Njombe

Septemba mvua bado hazijaisha, itawashika. Badilisha ya pili na ya tatu, asubuhi ukiamka tazama Cangshan. Wingu likiwa limekaa kiunoni mwa mlima, ni kawaida yake, nendeni. Likishuka mpaka kwenye mashamba, laleni.

Na ukipita Wase ukaona kibanda cha mahindi chenye waya unaotoka dirishani, nunua manne. Mwambie ni salamu za yule mweusi wa skuta.

Mgeni wa Changsha

Nimemsomea mke wangu mada yote kwa simu. Ameuliza swali moja tu: huo mkate unaoitwa baba, yuko mama?