Mrejesho: Mwandishi mchanga kwenye mkutano wa G20, New Delhi

Wakuu, niliwauliza mwandishi mchanga ataripoti nini kwenye mkutano wa G20 (kundi la nchi zenye uchumi mkubwa) wa New Delhi, Septemba 2023, ikiwa ukumbi wa viongozi haruhusiwi kuingia. Nimerudi salama.

Mlisema viongozi nitawaona kwenye skrini tu, na mlisema kweli tupu. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipoukaribisha Umoja wa Afrika kuwa mwanachama wa kudumu, na Rais Azali Assoumani wa Komoro, mwenyekiti wa umoja huo wakati ule, akaongozwa hadi kwenye kiti chake, mimi nilikuwa kituo cha habari nimekodolea skrini macho, sawa na mtu aliyebaki nyumbani.

Ushauri uliozaa matunda ni wa kuachana na wakubwa na kuwaganda maofisa wanaoandaa rasimu ya tamko la viongozi. Hao ndio wanaojua kila kitu (na kahawa hawaikatai). Wengi tulitarajia tamko la pamoja likwame kwa sababu ya vita vya Ukraine. Likapitishwa siku ya kwanza, tarehe 9. Kumbe lugha ilikuwa imelainishwa: tamko la mkutano wa G20 uliotangulia, wa Bali, Indonesia, 2022, liliitaja Urusi kwa uvamizi, hili halikuilaumu kwa jina. Stori yangu ilikuwa hapo, na mhariri hakukata hata aya. Aliyenihimiza nisome tamko la Bali kabla ya kupanda ndege, asante sana.