Naomba ushauri: kichanga chekundu juu, mbuga yenye weupe chini, bustani niweke wapi?

Habari zenu wakuu. Nina kishamba Chamwino, nataka kuanza bustani ya nyanya, bamia na mchicha.

Juu ni kichanga chekundu: ukimwagilia asubuhi, jioni pamekauka, na mvua ikishapiga panaganda kama sakafu. Nimeweka samadi iliyooza na matuta ya kuzama, kuna nafuu kidogo.

Chini ni mbuga, mfinyanzi mweusi. Wakati wa mvua jembe linanasa, kiangazi unapasuka nyufa. Lakini unatunza maji, na kwa mvua zetu hizi za Desemba hadi Aprili, hilo si jambo dogo. Kinachonitisha ni weupe unaotokea juu ukikauka. Mchicha wa majaribio uliota vizuri tu, halafu majani yakaungua kingo. Maji ni ya kisima, nayo yana ladha ya chumvi (huku wengi tumeshayazoea).

Ninavyoelewa, chumvi ya kawaida huoshwa kwa maji mengi matamu yakipata pa kutokea, ila udongo wa magadi (wenye sodiamu nyingi) unahitaji jasi (gypsum) kwanza. Sasa, kuna namna ya kutofautisha hivi viwili shambani kabla sijanunua jasi?

La pili: kwa walio Dodoma, sampuli za udongo na maji mnapeleka wapi na bei ikoje? Nimefikiria kuanzia TARI Makutupora (kituo cha utafiti wa kilimo), ila sijui kama wanapokea za mkulima mmoja mmoja.

Natanguliza shukrani.