Ushauri: Binti yangu aache Fizikia achukue Jiografia, au tuvumilie?

Fundi wa Kariobangi

Hamjambo wazazi wenzangu na walimu. Naandika usiku huu kwa sababu fomu ya kuchagua masomo iko hapa mezani na inatakiwa shuleni Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Eastlands. Ni wale waliofanya KCPE ya mwisho (mtihani wa darasa la nane) mwaka wa 2023, kwa hivyo ndio watakaoufunga mfumo wa zamani wa 8-4-4 kwa KCSE ya 2027, ule mtihani wa kidato cha nne. Nyuma yao hakuna kidato kingine, wadogo zao wote wako kwenye mfumo mpya wa CBC. Hilo linaninyima usingizi. Zamani mtoto akianguka ulimwambia arudie na wa nyuma yake. Huyu akirudia atakaa darasani na nani?

Fomu yenyewe iko hivi. Hesabu, Kiingereza, Kiswahili, Biolojia, Kemia na CRE (Dini ya Kikristo) shule imeshawapangia. Kisha kuna visanduku viwili. Cha kwanza ni Fizikia au Jiografia. Cha pili ni Biashara, Kilimo au Kompyuta. Cha pili hakina shida, anataka Biashara. Kile cha kwanza kimeandikwa na kufutwa mpaka karatasi imeanza kutoboka. Aliweka alama kwa penseli kwenye Fizikia, akafuta. Akaweka Jiografia. Jana asubuhi nimekuta amefuta tena.

Muhula wa pili alipata 38 Fizikia na 67 Jiografia. Mwalimu wa darasa amewaambia wote walio chini ya 40 wachukue masomo mepesi wasiharibu wastani. Nilimpigia simu nikauliza ni wastani wa nani, wa mtoto au wa shule. Sikupata jibu la kuniridhisha.

Mimi ni welda, niliishia darasa la nane. Mama yake anasema achukue lililo rahisi apate gredi, mengine yatajipanga. Moyo wangu unakataa, na sina maneno ya kueleza ila haya: Jumamosi huyu mtoto huja karakana, na huko hakuna kinachomshinda. Mwenye ujuzi anisaidie tafadhali.

Mama wa Watatu

Baba, pole na hongera kwa kumfuatilia. Wazazi wengi huiona hiyo fomu ikiwa imesharudishwa.

Mimi niko upande wa mama yake. Kifungua mimba wangu aliacha Fizikia kidato cha tatu, akakaza Biolojia na Kemia, leo yuko KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, anasomea uuguzi na hakuna aliyemwuliza Fizikia iko wapi. Mtoto akiamka kila siku na somo linalomshinda, linamla hata yale anayoyaweza. Niliona kwa macho yangu jinsi wangu alivyochangamka alipolitua. Muhula mmoja tu akawa mtu mwingine.

Kevo Pipeline

Mzee, mimi nitakwambia yaliyonipata ili yasimpate huyo dada yangu.

Baba yangu alitaka mhandisi. Nilikuwa napata alama 20, 25, nikimwomba niache Fizikia nichukue Kilimo. Akakataa kabisa. Nilifanya KCSE 2019, Fizikia nikapata D. Jumla yangu ilikuwa pointi 45. C+ inaanza 46. Pointi moja, mzee! Kilimo nilikuwa nakijua, tulikuwa na shamba ushago na kila likizo nilikuwa huko. Nilikosa chuo kikuu kwa pointi moja, na mpaka leo mimi na baba hatuzungumzi kuhusu shule.

Usimwamulie. Hilo tu.

Mwalimu wa Fizikia

Nimefundisha somo hili miaka 14, sasa niko shule moja ya kaunti hapa Nairobi. Fundi, kabla sijasema aache au asiache, nina ombi. 38 haituambii kitu. Chukua karatasi yake ya mtihani, kaa naye, uhesabu alama zilipotelea wapi. Usiangalie alizopata, angalia alizokosa na kwa nini. Kuna mtoto wa 38 ambaye haelewi kabisa, huyo mwache aende zake kwa amani. Na kuna wa 38 ambaye ana 60 ndani yake.

Kevo, pole sana kaka. Ila jambo moja limebadilika tangu mwaka wako, na wazazi wengi hawajalishika. Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hesabu, lugha moja (Kiingereza au Kiswahili, ile aliyofanya vizuri zaidi), kisha masomo mengine matano aliyofanya bora. Sayansi mbili hazilazimishwi tena kuingia kwenye hesabu ya gredi, ingawa bado lazima uzifanye. Sasa huyu binti atafanya masomo manane. Yanahesabiwa saba. Moja linaanguka nje.

Fundi wa Kariobangi

Mwalimu, asante. Tumekaa naye jana jioni hadi saa nne. Karatasi ilikuwa ya alama 80, alipata 30, ndiyo hiyo 38 kwa mia. Nimefanya ulivyosema.

Swali la kusoma vania, kile kifaa cha kupimia unene, alipata zote tatu. Hilo halikunishangaza, maana vania yangu yeye ndiye huisoma siku hizi, macho yangu yamechoka. Ya umeme na sumaku alipata karibu yote. Kulikuwa na mbao iliyosawazishwa juu ya kigingi, na uzito huku na huku. Hesabu yake ilikuwa sawa, lakini aliacha sentimita bila kuzigeuza kuwa mita, akaandika 120 mahali pa 1.2. Mahali pengine jibu ni sahihi ila hakuandika kipimo. Tulizijumlisha hizo za vipimo, zikawa alama 9.

Halafu kurasa mbili za mwisho ziko peupe. Mawimbi na sauti, alama 18. Nikamwuliza, mbona hapa hukuandika hata neno? Akasema, "Hatukufundishwa, Baba. Mwalimu alihamishwa mwezi wa sita, mwingine akaja zikiwa zimebaki wiki mbili."

Sikujua. Nilikuwa nalipa karo nikidhani anafundishwa. Na nilikuwa nimeshamkemea kwa hiyo 38 mwezi wa nane, mbele ya ndugu zake.

Mwalimu wa Fizikia

Basi umepata jibu lako, au nusu yake. 30 jumlisha 9 za vipimo ni 39. Hizo 18 za mawimbi tuseme angepata nusu. Ni 48 kwa 80, yaani 60 kwa mia. Huyu mtoto hajashindwa na Fizikia.

Sasa tupige hesabu ya gredi ili mama yake naye aridhike, kwa sababu hofu yake ni ya haki. Tuseme mwaka wa 2027 amepata Hesabu C (6), Kiswahili B+ (10), Kiingereza C+ (7), Biolojia B (9), Kemia C (6), CRE A- (11), Biashara B+ (10). Akiwa na Jiografia B (9), jumla ya saba bora ni 62, hiyo ni B. Akiwa na Fizikia D+ (4), Fizikia inaanguka nje, Kemia inaingia mahali pake, jumla ni 59, hiyo ni B-. Akiipandisha Fizikia hadi C+ (7) tu, jumla ni 60, na 60 ni B. Gredi ileile aliyopewa na Jiografia.

Kwa hivyo Fizikia ikimharibikia kabisa, anapoteza pointi tatu. Haizamishi jahazi. Lakini sitakudanganya: Fizikia ya D+ haimfungulii mlango wowote pia. Uhandisi wa chuo kikuu utaiangalia Fizikia, Hesabu na Kemia kwa pamoja. Ukimwacha achukue Fizikia halafu Hesabu ibaki C, utakuwa umebeba mzigo bure. Hesabu ndiyo ya kuangalia kwanza, na haina hiari, itahesabiwa apende asipende.

Na kidato cha tatu somo linabadilika sura. Kuna umeme tena, joto linaloletwa na umeme, kazi na mashine. Kidato cha nne kuna umeme wa majumbani na elektroniki. Mtoto anayeshinda karakana ya welda ana kitu ambacho sina namna ya kuwapa wanafunzi wangu kwa chaki.

Achi

Mimi ni yule aliyechukua njia rahisi, na ilikwenda vizuri. Niliacha Fizikia nikachukua Historia, nikapata A. Jumla B+. Nyumbani walichinja mbuzi.

Halafu nikaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, kuchagua kozi. Nilitaka uhandisi wa umeme, nimeutaka tangu darasa la sita. Hakuna aliyeniambia kidato cha pili kwamba gredi ya jumla ni jambo moja na masomo manne ambayo kila kozi huyaangalia ni jambo lingine. Nilikaa kwa saiba (duka la intaneti) pale Kencom mjini nikibonyeza kozi moja baada ya nyingine. Nilikuwa na B+ na milango yote ya uhandisi imefungwa. Niko kazini sasa, nashukuru, naipenda kazi yangu kiasi. Lakini nikipita Technical University of Kenya na kuwaona vijana na makoti yao ya karakana, kifua kinakaza.

Mwulizeni huyo msichana anataka kuwa nani. Sijaona mtu yeyote hapa ameuliza.

Mwalimu wa Dini

Naomba niseme kuhusu neno "rahisi", maana nimelisoma mara nyingi hapa na linaumiza watoto.

Kila mwaka napokea darasa la kidato cha tatu lililojaa watoto walioambiwa CRE ni ya kupumzikia. Ni karatasi mbili, kila moja unajibu maswali matano ya insha, alama 20 kila swali. Swali likitaka hoja saba, mtahini anahesabu saba. Ukiandika ukurasa mzima wa mahubiri mazuri yenye hoja tatu, una tatu. Tena KNEC, baraza la mitihani, haina mpaka mmoja wa gredi kwa masomo yote. Kila somo lina mipaka yake kulingana na mtihani ulivyokwenda. Alama zinazokupa gredi nzuri kwenye Hesabu zinaweza kukuacha katikati ukizipata kwa CRE.

Jiografia ni vivyo hivyo. Kuna ramani ya skeli 1:50,000, unapima barabara kwa uzi, unachora mkato wa mlima, unakokotoa. Anayeikimbilia kwa kuogopa vipimo vya Fizikia atavikuta huko vinamngoja.

Ila huyu ana 67. Huenda anaipenda Jiografia kweli. Nako kupenda ni sababu.

Mama wa Watatu

Nimesoma zote. Mwalimu, hesabu yako nimeielewa na nimeinakili kwa daftari, wa pili wangu yuko darasa moja na huyo binti.

Fundi, nabaki na swali moja la mzazi kwa mzazi. Hiyo shule mwalimu wa Fizikia akihama tena mwakani, mtafanyaje? Tuisheni si bure, na kidato cha tatu si mahali pa kujifundisha peke yako. Uliza hilo kabla ya kuandika kwa kalamu.

Fundi wa Kariobangi

Nimerudi kuwaambia tulivyofanya, maana mmenibeba.

Achi, ujumbe wako nilimsomea binti kwa sauti, na mama yake akiwa hapo. Kisha nikamwuliza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema anataka kusomea umeme, lakini alipopata 38 aliona aibu kulisema tena. Hata Jiografia haichukii, anasema ni nzuri, ila hajiulizi chochote baada ya kengele kulia. Fizikia humrudia usiku.

Kwanza nikamwomba msamaha kwa ile siku ya mwezi wa nane.

Alhamisi nilifunga karakana nikaenda shuleni. Mama wa Watatu, swali lako nililiuliza vilevile ulivyoliandika. Mwalimu mpya wa Fizikia ameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, si wa bodi ya shule, na ameniambia mawimbi na sauti atayarudia na darasa lote wiki ya kwanza ya Januari. Nilimwonyesha zile alama 9 za vipimo. Akacheka, akamwambia binti aandike kipimo kwanza kabla ya kuanza hesabu, kisha arudi kujaza namba. Ya Hesabu tumekubaliana na jirani yetu mmoja aliye chuo, Jumapili mchana kwa muda wa saa mbili, nami nitamtengenezea mama wa huyo jirani mlango wa jikoni kama malipo.

Mama wa binti bado ana wasiwasi, sitaficha. Lakini ndiye aliyempa kalamu.

Ameandika Fizikia, na Biashara kisanduku cha pili. Pale palipotoboka ilibidi abandike selotepu kwa nyuma kwanza. Kesho ni Jumamosi, ameniomba nimtafutie amita (kipimo cha mkondo wa umeme) kuukuu, hata ikiwa mbovu, aifungue.